Mbavu Zisizo Zangu

Bwera
Jumatatu, 1 Aprili 2019

Swalik mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki. Simu nimeizima kwa sababu yako. Nikikuuliza jambo unaanza halo, halo, mtandao mbaya, halafu unakata, na mimi najua mtandao wa Kasese ni mzuri kuliko wa hapa. Kwa hiyo naandika. Barua anayo Blasio wa teksi, na nimemwambia asiiache kwa mlinzi wa hospitali, akupe mkononi.

Ni mwezi mmoja na siku nne tangu wanipasue. Nikikohoa kidonda kinavuta, nikicheka kinavuta, ingawa kicheko chenyewe sina. Uliketi hapa dukani kwangu juu ya marobota ya vitenge, ukala karanga zangu, ukaniambia mradi wa miwani umekuja na mimi nina bahati. Ulisema mgonjwa anapigwa kwanza picha ya ndani ya mwili, picha inaingizwa kwenye kompyuta, halafu daktari anavaa miwani, na akikutazama umelala anaona ini lako limechorwa juu ya ngozi yako na ule uvimbe wa maji unang'aa mahali ulipo. Hapasui. Anatoboa vitundu vitatu, anaingiza kamera na vyuma vyembamba, anaunyonya uvimbe, anautoa. Siku tatu uko nyumbani. Nilikuamini kwa sababu wewe ni dereva wa mradi na kila siku unawabeba madaktari hao.

Sasa nikwambie nilichopata. Chuma cha kwanza tu kilipoingia kilitoboa uvimbe wenyewe. Miwani ilisema uko nyuma, karibu na mgongo, kumbe uko mbele kabisa. Maji yakamwagika tumboni, mwili ukavimba, moyo ukataka kusimama, wakanipasua haraka kutoka kifuani hadi kitovuni. Siku kumi na tisa kitandani. Na Dokta Tumusiime aliyenipasua anasema maji yale yana mbegu, yanaweza kuota uvimbe mwingine popote, kwa hiyo nimeze vidonge miezi sita na nisubiri. Nisubiri nini? Kuota kama shamba?

Jana wameniletea karatasi. Kamati ya hospitali inakaa Jumatano tarehe 24. Yule fundi wa picha, Onen, mzee mzima mwenye mvi, ndiye aliyeingiza picha kwenye miwani, na amesimamishwa kazi. Wanataka ushahidi wangu. Nitakwenda hata kwa kutambaa. Nataka afukuzwe, anyang'anywe vyeti, asiguse tena kompyuta hata ya kuchapa kadi za harusi.

Jambo moja tu nijibu. Mimi ile mashine ya picha sikuiingia. Ijumaa ile ya Februari nilikuwa sokoni Mpondwe, na Alhamisi yake nilikupa kitambulisho changu uniombee siku nyingine. Ukarudi ukasema hakuna haja, altrasaundi yangu ya mwaka jana inatosha. Hivi miwani inaweza kuchora ini kwa kutumia altrasaundi? Muulize mtu anayejua, unijibu.

Salamu zimebaki kidogo. Wape wanao.

Dada yako,
Naswiba


Kasese
Ijumaa, 5 Aprili 2019

Dada yangu mpendwa Naswiba,

Assalam alaikum. Sisi hatujambo. Mke wangu Shamirah anakusalimu na anakuombea kila swala. Barua yako imenifikia na imenichoma. Dada, mimi sikati simu kwa makusudi. Nikiwa kwenye usukani haturuhusiwi kuongea.

Pole sana. Kila nikipita mbele ya wodi ile najisikia vibaya. Lakini nikushauri kama ndugu yako wa tumbo moja: usiende kwenye kamati. Kidonda hakijakauka, barabara ina matuta, na wale wakubwa wataongea Kiingereza kuanzia asubuhi hadi saa nane. Utakaa pale kama mgeni. Niandikie mistari miwili kwamba unamlaumu Onen, weka saini, mimi nitaifikisha. Kosa ni lake, hapa kila mtu anajua. Ni mtu wa kujiona, hata madereva hatusalimii.

Hayo ya altrasaundi usijisumbue nayo. Ni mambo ya kitaalamu, hata nikikueleza hutayashika.

Nimempa Blasio maziwa na asali ya Nyakalengija. Kula upate nguvu.

Ndugu yako,
Swalik


Bwera
Jumatano, 10 Aprili 2019

Swalik,

Asali nimepokea. Maziwa yamechacha njiani.

Hutayashika, unasema. Mimi nauza vitenge kwa lugha tano tangu wewe unalia ukitaka kubebwa, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia sishiki. Umeniudhi sana kwa neno hilo.

Basi nimeeleweshwa bila wewe. Jumapili Onen alikuja hapa mwenyewe. Nilipomwona mlangoni nilichukua ile fimbo yangu ya kupimia kitenge, na ningemchapa kweli, kama si kidonda. Akanisalimia kwa adabu, tena kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Akaomba dakika kumi tu, kisha kama nataka nimpige nimpige. Akafungua kompyuta juu ya meza yangu ya kukatia, akanionyesha picha ile waliyotia kwenye miwani. Mifupa ni myeupe, ini ni la kijivu, na kuna duara jeusi kwa nyuma, kubwa kama chungwa. Kisha akaweka kidole kwenye mbavu za kulia. Mbili zilivunjika zamani zikaunga vibaya, zimepinda. Akaniuliza, "Mama, uliwahi kuvunjika mbavu?"

Nikamwambia sijawahi.

"Basi huyu si wewe. Nimewaambia mara tatu. Wanasema faili lina jina lako na namba ya kitambulisho chako, kwa hiyo mwongo ni mimi."

Swalik, mbavu zile nazijua. Nilizifunga kwa mikono yangu, kwa kitenge cha bluu, miezi miwili, mwaka 2011, Rehemah alipoanguka kutoka juu ya lori la maharage kule Kasindi, upande wa Kongo. Rehemah binti wa baba mdogo. Na daktari alishanieleza kwamba ugonjwa huu unatoka kwa mbwa na kondoo, ukiupata utotoni unakaa ndani miaka na miaka bila kusema. Nani alilelewa pamoja nami kwa bibi Yudesi kule Mahango, na wale mbwa watatu wa kufukuza nyani wakilala nasi jikoni? Ni mimi na Rehemah. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Na unajua nilimjibu nini Onen? Nilimwambia afunge kompyuta yake atoke dukani kwangu. Mtu aliyekuja kusema kweli nimemfukuza mbele ya wateja, kwa sababu nilishakumbuka ni nani alikuwa na kitambulisho changu Ijumaa ile. Alifunga vitu vyake taratibu, akasema asante, akaenda. Mpaka leo naona haya.

Sasa niandikie ukweli. Usinitumie asali.

Naswiba


Kasese
Jumamosi, 13 Aprili 2019

Dada,

Haya. Ni Rehemah. Umefurahi?

Lakini na wewe nisikilize. Alhamisi ulinipa kitambulisho ukasema Ijumaa ni siku ya soko, Wakongo wanavuka, mashine isubiri. Mashine haisubiri mtu. Ilikuja juu ya lori kutoka Kampala kwa siku chache tu, orodha imejaa hadi mlangoni, na nafasi yako ilikuwa inakwenda bure kwa sababu ya vitenge. Na Rehemah alikuwa kwangu tangu Jumatano, ameshika ubavu, halali. Mlangoni walimrudisha kwa sababu hana kitambulisho cha Uganda. Ningefanya nini? Nikampa chako. Mnafanana, mlinzi hakuangalia mara mbili. Nilifikiri yeye apate picha yake, halafu nikuombee wewe, niseme ya kwanza imepotea. Jumatatu nafika, lori limeondoka. Daktari akasema picha ya Naswiba ipo, ni safi, aje apasuliwe.

Na usinitolee macho. Nani alimzoesha Rehemah kitambulisho chako? Mwaka 2016 alipokuja Bwera kujifungua, ni wewe uliyempa. Ulikaa nje ukanywa chai, na mtoto akaandikwa kwamba mama yake ni wewe. Siku ile hukusema ni udanganyifu. Ulisema ni undugu, na ukoo mzima ulikusifu.

Nilitaka kukwambia. Wallahi nilitaka. Asubuhi ile kwenye gari ulikuwa na tasbihi yako, midomo inacheza, nikasema nisimkatize. Tulipofika wakaniamuru nikaegeshe. Nikajiambia ugonjwa ni ule ule na ini ni ini. Mimi ni dereva, dada. Sikujua kwamba vidole viwili huku au huku vinaweza kumwua mtu.

Ukisema mbele ya kamati, kazi yangu imekwisha, na afande atanifuata kwa kitambulisho. Na wewe atakufuata kwa lile la 2016. Onen ana vyeti vyake, atapata kazi kwingine. Mimi nina leseni tu na watoto wanne. Nakuomba kwa heshima ya mama yetu, saini ile mistari miwili.

Swalik


Kasindi
Jumanne, 16 Aprili 2019

Yaya Naswiba, mukubwa wangu,

Miye Rehemah ninakusalimia. Batoto beko bazima, na Musitafa, ule alizaliwa Bwera, iko anakuuliza kila siku. Ule mama wa samaki alinifikishia neno yako kwamba unauliza mwili yangu. Yaya, mwili si muzuri. Ubavu inauma, na sasa hata bidoni ya maji siwezi kubeba. Wiki ile ingine nilianguka ku njia ya soko, watu bakaninyanyua.

Lakini usiogope. Swalik alikuyaka hapa mwezi wa pili, akaniambia ile foto ya ku mashine haikuonesha kitu, niko muzima, ni gazi tu ya tumbo. Basi ninakunywa dawa ya gazi. Nilishukuru Mungu sana siku ile, nikapika kuku.

Nilisikia bamekupasula vibaya na nililia. Ningekuya kukuona lakini kutembea iko nguvu, siwezi. Kama nilikukosea na ile karte yako, unisamehe. Swalik alisema weye ulikubali.

Mudogo wako,
Rehemah


Bwera
Alhamisi, 18 Aprili 2019

Swalik,

Barua ya Rehemah imo ndani ya hii. Isome yote, hasa mahali pa kuku.

Yale uliyoniandikia Jumamosi yaliniuma, lakini niliyameza. La kitambulisho ni letu sote, na mimi ndiye niliyelianza. Hilo umesema kweli, na nilikaa siku mbili nikijilaumu. Ile Ijumaa ya soko nayo ni yangu. Hata kunyamaza kwako kwenye gari ningekusamehe siku moja, nikizeeka.

Lakini ulivuka mpaka ukaenda nyumbani kwake ukamwambia yuko mzima. Madaktari walikuwa wanautaja ule uvimbe ndani ya gari lako, ukubwa wake, mahali ulipo, na wewe unasikiliza na usukani mkononi. Ulijua ni wake. Ukaenda kumwambia ni gesi, kwa sababu angejua ukweli angeuliza atatibiwa lini, na wewe ungelazimika kufungua mdomo. Umekula na kuku wake? Nijibu hilo. Ulikaa kwenye mkeka wake ukala?

Wangu ulipopasuka walikuwepo madaktari wawili na wauguzi na oksijeni, na bado nilikaribia kufa. Wake ukipasuka atakuwa amebeba bidoni, na atakayemwokota ni muuza nyanya.

Unaniomba kwa heshima ya mama yetu. Mwache mama yetu apumzike.

Jumatano saa tatu nitakuwa mbele ya kamati. Nakupa nafasi moja: uje useme wewe kwanza. Ukisema mwenyewe nitasimama karibu yako, na la 2016 nitalisema mimi kwa mdomo wangu. Usipokuja nitayasema yote peke yangu, na jina lako nitalitaja kamili pamoja na la baba.

Naswiba


Kasese
Ijumaa, 26 Aprili 2019

Naswiba,

Umeshinda. Wamechukua funguo za gari mbele ya watu, hata koti la mradi wamenivua. Jumanne natakiwa polisi. Shamirah hasemi na mimi. Watoto wameniuliza kama ni kweli nilikuuza, sijui nani amewafundisha neno hilo.

Najua unasema nilikimbia. Sikukimbia. Jumatano asubuhi nilivaa shati jeupe, nikafika hadi getini. Nikakuona unashuka kwenye teksi ya Blasio, umeshika tumbo, unatembea kama bibi kizee, nikashindwa kushuka. Nikawasha gari nikaenda Katunguru. Nilikaa pale darajani mpaka mchana nikitazama maji kama mwendawazimu, nikarudi na samaki ili nipate cha kusema. Hao samaki walioza ndani ya gari.

Ulishindwa hata kuwaambia kwamba mimi ni ndugu mzuri mahali pengine? Miaka yote hii, hukuona la kunisaidia kusema?

Na ndiyo, nilikula yule kuku. Ungetaka nikatae?

Swalik


Kasese, wodi ya wanawake
Jumapili, 5 Mei 2019

Swalik,

Naandika nikiwa mita mia nne kutoka nyumbani kwako, na barua ataileta Feresita anayefagia wodi. Umbali huo mtoto angeutembea.

Kwanza nikujibu. Nilisema. Niliiambia kamati kwamba wewe ndiye uliyemlipia baba dawa hadi siku ya mwisho, na kwamba ulimpa Rehemah kitambulisho kwa huruma, si kwa wizi. Yote hayo nilisema, lakini hukuwepo kuyasikia kwa sababu ulikuwa unanunua samaki. Afande alinihoji na mimi saa nzima. Nimeonywa, na kesi ya 2016 bado iko wazi. Sijutii.

Dokta Tumusiime alisimama akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mkubwa. Alisema ile altrasaundi yangu ya mwaka jana ilikuwemo ndani ya faili siku zote, na iliandikwa wazi kwamba uvimbe uko mbele. Walipoona picha nzuri kwenye miwani waliiacha karatasi. Onen amerudishwa kazini. Nilimwomba radhi mbele ya wote kwa kumfukuza dukani. Akasema duka langu lina vitenge vizuri, basi.

Kuhusu Rehemah, wale wa mradi walikataa mwanzoni, wakisema si raia. Daktari akawaambia picha ya mama huyo tunayo tayari, tulimpasua mwingine kwa picha yake, sasa mnataka tuitupe? Wakakubali. Siku ya pili nilivuka kumchukua. Mpakani wakampima joto kama wanavyompima kila mtu, wakauliza jina, nikasema Rehemah, wa Kasindi, mgonjwa. Ni mara yangu ya kwanza kumvusha kwa jina lake.

Alhamisi wakamwingiza. Onen alimpima kwanza altrasaundi upya pamoja na daktari, kisha akamwuliza jina, jina la baba, alizaliwa wapi. Kisha akaweka vidole kwenye ubavu wake, akazihesabu mbavu moja moja huku akitazama picha, mpaka akazifikia zile mbili zilizopinda. Ndipo akampa daktari miwani. Waliutoa uvimbe mzima, halikumwagika tone. Jioni ile alikuwa ameketi.

Nikuambie na hili, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Muuguzi alipomfunua kumsafisha nikaona plasta tatu ndogo, kila moja kama ukucha. Nilitoka nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Vitundu vile vilikuwa vyangu. Nampenda Rehemah, na nilimchukia kwa muda wa kujaza ndoo. Hayo pia umeyaleta wewe.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Leo asubuhi alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Yaya, Swalik alijuaka? Wakati alinisemea niko muzima, alikuwa anajua?"

Mimi niliyesema kila kitu mbele ya watu tisa na afande, nilifungua mdomo nikasema, "Hakujua. Na yeye walimdanganya."

Uso wake ukafunguka. Akasema alijua Swalik hawezi. Akamaliza uji wote.

Umenifanya nimdanganye mgonjwa, na ameniamini, na uji umemshuka vizuri kwa uongo wangu. Siwezi kumrudisha Kasindi nao. Jumatano anatoka. Uje kabla ya hapo, ukae kwenye kiti hiki, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usipokuja nitamwambia mimi, na nitaanza na uongo wangu.

Sijakusamehe. Njoo hivyo hivyo. Ameshaniuliza mara mbili mbona huji kumwona, na amekuwekea ndizi mbili kutoka kwenye chakula chake.

Naswiba